Mukubwa Ndiye Anasema

Filimbi nimemkabidhi Aline, anayenirithi, pamoja na kamba mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekunywa jasho langu miaka kumi na tisa na haikustahili shingo ya mtu mwingine. Komite ya wazazi ilitaka nitoe hotuba siku ya kuniaga. Nikawaambia hotuba huwachosha waliosimama, mimi nitaandika. Basi Aline, na nyinyi wengine mtakaowasindikiza watoto wa Bukavu kwenda kusoma nje ya mpaka, hii ni yenu. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, msindikizaji, na kuhusu mshahara nitanyamaza nisije nikaharibu karatasi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na watoto kumi na wanne, magodoro kumi na manne, na viatu visivyofaa. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi pale Ibanda, nikidhani kusindikiza ni kutembea tu nyuma ya watu. Aliyenifundisha kazi alikuwa papa Mugisho, zamani mkuu wa nidhamu katika shule moja ya mjini, mtu mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye mikunjo. Tulishuka kwa miguu hadi daraja la Ruzizi. Dirishani, afisa wa uhamiaji akawauliza watoto swali jepesi kabisa: munaenda wapi? Mmoja akasema Kigali. Mwingine akasema Kabale, ambako ndiko tulikokuwa tunaenda kweli. Wa tatu, kwa woga, akasema anaenda kumsalimia shangazi. Hapo ndipo tulipokaa kwenye benchi hadi alasiri, karatasi zetu zikisomwa moja moja kama barua za mapenzi.

Papa Mugisho hakugomba. Alinunua ndizi, akawapanga watoto kwa umri, akasema: "Kuanzia leo, mukubwa ndiye anasema. Benye banabakia, kinywa ni ya kula ndizi." Safari iliyofuata tulivuka kabla ndizi hazijaisha.

Nikaichukua kanuni hiyo kama nilivyoichukua filimbi. Kila mwanzo wa muhula, kwenye ua wa komite, niliwapanga watoto, nikamtaja mkubwa wao, nikawaambia: likitokea jambo, huyu atasema, nyinyi mnyamaze. Hakuna mzazi aliyeshangaa, maana nyumbani ni vilevile. Mtoto akivunja dirisha la jirani, si yeye anayetumwa. Anakwenda kaka mkubwa, au baba mkubwa, anainamisha kichwa, jirani anafoka kidogo, wanakunywa kitu, mambo yanaisha. Mkubwa ni jalala, taka zote hutupiwa yeye. Nilikuwa sijawahi kujiuliza mtupaji taka anajifunza nini.

Kuhusu vifaa, msinunue mabegi ya bei. Mnahitaji vitu hivi: malimau kwa watakaotapika kwenye kona za milima, mifuko ya plastiki kwa ajili ya malimau yaliyoshindwa, sindano na uzi, nakala tatu za kila ruhusa ya mzazi, na filimbi. Msiwahesabu watoto kwa kunyoosha kidole. Mwambieni kila mmoja amtaje aliye kulia kwake. Mtoto anaweza kusahau daftari lake, lakini aliyekalia nafasi ya dirishani hamsahau.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu aliyenionya ni nywele. Katika shule ile ya bweni ya Kabale, msichana hunyolewa karibu na ngozi, wote sawa, mwenyeji na mgeni. Kwao ni usafi. Kwetu, mwanamke akinyoa kichwa chote, watu humpa pole na kuuliza ni nani aliyefariki. Mwaka wa kwanza msichana mmoja alilia kwenye kiti cha kinyozi akinisihi nimwambie kama mama yake bado yu hai. Nilidhani anacheza. Tangu hapo niliwanyoa mwenyewe Bukavu, wiki moja kabla ya safari, mbele ya mama zao, ili mama na mtoto walie pamoja na kumaliza. Na siku ya kuwafikisha shuleni nilikuwa nashusha kitambaa changu na kuwaonyesha kichwa changu, nilichokinyoa nami. Mume wangu, marehemu, hakuwahi kuizoea habari hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka michache iliyopita, kikundi cha Kabale kilikuwa cha wasichana tisa. Mkubwa wao alikuwa Nabintu, miaka kumi na minane, mwaka wake wa mwisho. Mama yake, mjane, aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni Kadutu na alikuwa ameshauza shamba lake la migomba kule Miti ili binti huyu amalize. Nabintu alizungumza Kiingereza vizuri kuliko mimi, aliwafulia wadogo, na alikuwa na tabia ya kusimama kabla hajaulizwa. Mdogo wao alikuwa Asifiwe, miaka kumi na mitano, mgeni kabisa, binti wa mfanyabiashara wa dhahabu wa Kamituga. Asifiwe alikuwa na kifua kibovu. Akipatwa na baridi, pumzi yake inapiga mluzi, na Kabale kuna baridi kweli.

Siku ya kukagua masanduku, nilifungua valizi ya Asifiwe, na chini ya sweta nikakuta rezistansi, ile waya yenye chuma kilichojiviringisha, ambayo huzamishwa kwenye ndoo na kuchomekwa ukutani ili maji yachemke. Kanuni za shule zilikataza chochote cha umeme. Nilizijua kwa moyo, nilizisoma kwa sauti kila muhula. Mama yake alikuwa amesimama hapo.

"Maman Faida," akaniambia polepole, "mutoto huyu akioga maji ya baridi, nitapigiwa simu nije kumuchukua ndani ya sanduku. Nakuomba."

Nilimtazama mtoto. Nilijiambia: ni waya tu, kila nyumba ya Bukavu inayo, nani aliwahi kufa na waya? Nikarudisha sweta juu yake. Nikafunga zipu.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu tangu tuwafikishe, simu ilipoita. Matroni wa bweni. Aliniambia kwamba asubuhi ile bweni la wasichana limeshika moto. Kitanda kimoja kimeteketea chote na magodoro mawili. Msichana mwenyeji aitwaye Patience, aliyekuwa mgonjwa na amelala kitanda cha juu, ametolewa dirishani akiwa amezimia kwa moshi. Yu hai, yuko zahanati. Chanzo ni waya ya kuchemshia maji. Aliyekiri ni Nabintu. Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi, na baada ya kikao atafukuzwa, jina lake litaondolewa kwenye mtihani wa mwisho, na baba yake Patience anataka polisi.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya sombe. Sikumbuki niliiweka wapi. Nilikumbuka kitu kimoja tu, sauti ya ile zipu.

Nilifika Kabale Jumatano alasiri, mgongo umevunjika kwa mabasi mawili. Mlinzi wa getini, ambaye miaka yote alikuwa akinitania kwa Kiswahili cha jeshini, safari hii hakunitania. Wasichana waliokuwa wakifagia uwanja walisimamisha mifagio na kunitazama. Ukuta wa bweni ulikuwa mweusi kutoka dirishani hadi paani. Mmoja akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba watu wa Kongo ndivyo walivyo. Nilitaka kumjibu. Lakini macho yangu yalikuwa bado kwenye ule weusi.

Nabintu alikuwa ameketi wima kwenye benchi nje ya ofisi ya direktrisi, yaani mkuu wa shule, mikono magotini. Nikakaa kando yake.

"Ile rezistansi haikuwa yako," nikasema.

"Maman, ilikwisha. Nilishasema ni mimi."

"Juu ya nini ulisema vile?"

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. "Juu ya nini? Maman, si ni weye ulitufundisha? Ku mupaka unasemaka, mukubwa ndiye anasema, bengine banyamaze. Moto ilizimika, direktrisi akauliza ni nani. Bote munane baliniangalia miye. Bote, maman! Ningeangalia nani? Nilizania nitaomba radhi, batanichapa, kisha itakwisha. Kwetu si inaishaka vile? Leo ndio balinielezea: ile karatasi yenye nilitia sinyatiri ni ya kunifukuza."

"Kesho useme ukweli."

"Nimutaje mudogo wangu? Ili mu Bukavu baseme Nabintu alimutupa mutoto wa batu?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Kama ni kusema, aseme mwenyewe. Ao useme weye, maman. Weye ndiye unafungaka mavalizi."

Hakuwa ananishtaki. Hakujua nilichokiona ndani ya valizi ile.

Niwaambie ukweli, wenzangu, kwa kuwa sina tena kazi ya kupoteza. Pale kwenye benchi mpango ulinijia ukiwa umekamilika. Ningeingia ofisini, ningemtaja Asifiwe, Nabintu angepona, na mimi ningeonekana mtu mwerevu aliyegundua mkosaji. Hakuna ambaye angeuliza waya ilipitaje ukaguzi, wangedhani ilifichwa. Mama wa Asifiwe asingesema. Mtoto asingeaminika. Nilisimama kabisa, nikapiga hatua tatu kuelekea mlango ule. Kilichonirudisha si wema. Niliona aibu kwamba mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa amejitwika mzigo wangu na mimi natafuta namna ya kumtwika mwingine.

Asifiwe nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye kamba za nguo, akianua sare ambazo hazijakauka. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Hakunisalimu.

"Eleza," nikasema.

Alieleza, na nilipomsikia nilitamani kucheka na kulia. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Asubuhi yeye aliweka rezistansi kwenye ndoo ya plastiki karibu na kitanda, akaichomeka ukutani, umeme ukiwa haupo, akaenda zake kunywa uji. Kwa nini achomeke wakati hakuna umeme? Mtu wa Bukavu haulizi swali hilo. Kwetu courant, yaani umeme, haina ratiba; ukitaka maji ya moto, unachomeka na kuuotea, ukija ukukute tayari, maana baada ya dakika kumi umekwenda tena. Hata ukiisahau, umeme wenyewe utakatika kabla maji hayajaisha. Kule Kabale umeme ulirudi na ukabaki. Maji yakachemka hadi yakaisha, ndoo ikayeyuka, blanketi likashika. Watoto wetu wote wanafanya hivyo majumbani. Mimi mwenyewe ninafanya hivyo.

"Na juu ya nini haukusema?"

"Papa alinikatazaka. Alisemaka kama kuko matata, nisiseme kitu, nimungoye. Atakuja na baba mukubwa, bataomba radhi." Akakunja soksi moja peke yake. "Nilimupigia simu, wako mu njia. Barabara ya Kamituga ni mubaya, mvua inanyesha. Batafika pengine kesho kutwa."

"Kikao ni kesho, saa ine ya asubuhi. Papa akifika, Nabintu atakuwa amekwisha kufukuzwa."

"Yaya Nabintu ni mukubwa. Balisema atachapwa tu."

"Nani balisema?"

Akaanua soksi nyingine.

"Unasikia," nikamwambia, na nilimshika mabega, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Ile valizi ni miye niliifungua. Niliona. Nikafunga. Kesho nitasema hiyo mbele ya bote, na pengine kazi yangu itaishia pale. Hiyo ni yangu. Yako siwezi kukusemea. Nitakuachia nafasi. Lakini Nabintu hataondoka hapa juu ya uongo. Ukinyamaza, nitakutaja."

"Ni sawasawa basi. Unitaje."

"Si sawasawa, mwanangu."

"Inapishana nini?"

Nilimsaidia kuanua nguo zilizobaki.

Usingizi haukuja, na habari zake hazina faida kwenu. Asubuhi nilishona kifungo cha shati la Nabintu kilichokuwa kinaning'inia, kwa ile sindano, na tukaingia.

Ofisi ilikuwa ndogo. Direktrisi, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, alikaa nyuma ya meza. Kando yake matroni. Kwenye kiti cha mbao, kofia magotini, baba yake Patience, mkulima, gumboti zikiwa na udongo mbichi. Wasichana wetu tisa walisimama ukutani. Kiingereza ndicho kilichotumika, nami nilikifuata kama mtu anayekimbilia basi.

Direktrisi alisoma karatasi. Nabintu alikuwa ameandika kwamba waya ni yake na kosa ni lake, na anaomba radhi kwa niaba ya wote. Aliposoma maneno ya mwisho, direktrisi akainua macho. "Kwa niaba ya wote maana yake nini?"

Nabintu aliinamisha kichwa.

Baba yake Patience alizungumza bila kupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema alimlea binti yake peke yake. Alisema juzi alimkuta amelala na bomba puani. Hakutaka pole ya mtu. Alitaka mwenye mkono uliochomeka waya ile auangalie uso wake, na baada ya hapo aangalie polisi.

Nilisimama. Nikasema kwamba mimi, Faida, ndiye niliyekagua masanduku kule Bukavu. Kwamba niliiona waya, nikaijua, nikajua kanuni, nikaifunika na sweta. Nikasema kuwa ni mimi pia niliyewafundisha wasichana hawa kwamba mkubwa wao awasemee, na kwamba Nabintu amekiri kwa sababu ya mafundisho yangu, si kwa sababu ya waya. Waya haikutoka kwenye valizi ya Nabintu.

Matroni akaweka mkono mdomoni. Direktrisi aliweka karatasi chini. Tulikuwa tumefahamiana miaka mingi, alishawahi kunipikia.

"Ilitoka kwenye valizi ya nani?" akauliza.

Nikageuka kuangalia ukutani. Vichwa tisa vilivyonyolewa na mkono wangu. Wanane wakamtazama Nabintu, tena, hata sasa. Nabintu alitazama sakafu. Asifiwe alikuwa na macho kwenye dirisha, upande wa barabara inayotoka mpakani, na nilijua anamtafuta nani. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale unaogonga. Niliuacha ugonge. Baba yake Patience akazungusha kofia mara moja, mara mbili. Mluzi wa kifua cha Asifiwe ulisikika ofisi nzima.

Nikasubiri hadi nikaona direktrisi amechukua kalamu. Basi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Asifiwe akatoka ukutani. Nabintu akanyoosha mkono kumzuia, kwa mazoea tu, na Asifiwe akausogeza ule mkono pembeni. Alikwenda hadi mbele ya baba yake Patience. Kiingereza chake kilikuwa cha miezi mitatu, kimevunjika kila mahali. Kila siku alikuwa anamtuma Nabintu hata kumwombea chumvi mezani. Alisema waya ni yake. Alisema yeye ndiye aliyeichomeka. Alisema alisikia kelele ya moto akiwa na kikombe mkononi, na akajua palepale, na hakusema. Nabintu alitaka kumtafsiria neno lililomkwama, Asifiwe akatikisa kichwa, akalitafuta mwenyewe hadi akalipata.

"Mbona hukusema siku ileile?" baba yake Patience akamwuliza.

"Nilikuwa namungojea papa yangu," akasema, kwa Kiswahili sasa, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimemwishia. Matroni akatafsiri.

Mzee alimtazama usoni, kama alivyosema atafanya. Halafu akavaa kofia, akatoka. Hakumpa mtu mkono. Polisi hawakuja, na sijui hadi leo kwa nini.

Asifiwe alifukuzwa. Msije mkadhani kusema ukweli kulimfutia kosa; direktrisi alisema Patience alikaribia kufa, na kwa hilo hakukosea. Nabintu alipewa adhabu ya wiki mbili za kusugua vyoo kwa kutia sahihi uongo, na akafanya mtihani wake. Kuhusu mimi, direktrisi aliandika barua kwa komite na kunisomea kabla hajaifunga, kistaarabu, kila neno. Komite ilinisimamisha muhula mzima. Waliponirudisha, niliendelea kuwapanga watoto kwa umri pale mpakani, maana dirisha la uhamiaji ni dirisha la uhamiaji. Lakini nilipomaliza kupanga, nilimwita kila mmoja kando, mdogo hadi mkubwa, nikamfanya aniambie kwa kinywa chake ni nini kimo ndani ya valizi yake, ndipo nifungue. Aline, hilo usiliache. Linachukua nusu siku, na wazazi watanung'unika. Waache.

Tulirudi wawili tu, mimi na Asifiwe, Ijumaa. Njia nzima hakula. Baada ya Kigali nilimpa limau, akalishika tu. Tulipokaribia Kamembe akaniuliza kama Patience ataweza kukimbia tena, kwa kuwa alikuwa mkimbiaji. Nikamwambia sijui. Nilikuwa ninaogopa, niliseme hilo. Nilimwogopa baba yake. Ni mtu mkubwa, wa mwili na wa jina, na nilikuwa narudi na binti yake akiwa na godoro kichwani kabla muhula haujaisha.

Alikuwa ametupigia simu kwamba mvua imewachelewesha na atatungojea Ruzizi. Tulivuka daraja kwa miguu. Alisimama mbele ya kizuizi upande wetu, koti la mvua limejaa tope jekundu la barabara ya Kamituga hadi mabegani, na kando yake kaka yake mkubwa, mzee mwenye fimbo, aliyeletwa kuomba radhi kwa ajili ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Mzee alikuwa amekwisha kuvua kofia, tayari.

Baba hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, kama desturi inavyotaka, mkubwa kwa mkubwa.

"Maman Faida," akasema, na sauti yake ilikuwa imebana. "Eleza."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Kigali, yale laini, yanayomfikisha mtoto nyumbani bila kuchapwa. Nikavuta pumzi.

Asifiwe akashusha godoro chini, kwenye vumbi, katikati yetu.

"Papa, ni miye nitasema," akasema. "Maman atasema yake kisha."

Mzee akageuka kumtazama, kofia mkononi. Mtoto akaanza na ndoo. Nikasimama nyuma yake, filimbi shingoni, nikingoja zamu yangu.